Seva Iliyoshika Sabato

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usijali, mikosi ya Angwenyi haiishi leo wala kesho. Tulimwacha huko Nyacheki, kwenye mazishi, amesimama chini ya turubai na laptop yake juu ya kiti, na turubai lenyewe limeshuka tumbo kwa maji ya mvua. Mwungwana mmoja akaona asaidie. Akalisukuma turubai kwa fimbo ili maji yamwagike.

Yalimwagika, tena vizuri sana. Yote yaliingia kwenye laptop.

Sasa huyu Angwenyi ni mpiga picha, ana studio yake mjini Kisii. Hupiga harusi, mazishi na harambee, na mkewe Emily hupiga zile sehemu ambazo mwanamume hakaribishwi. Laptop ile ndiyo iliyobeba kazi yote. Fundi wa kwanza aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Fundi wa pili hata hakuifungua.

Je, Angwenyi alilia? Thubutu! Alipita mtaani kifua mbele akiwatuliza watu ambao hata hawakuwa wamemwuliza kitu.

"Mimi si kama wale wengine," alisema. "Mimi nina seva."

Seva yenyewe ilikuwa kikompyuta kidogo, hakizidi Biblia ya mamake kwa ukubwa, kimefungwa pamoja na diski moja nene. Ilikula umeme kidogo kuliko taa ya veranda, kwa hivyo paneli moja ya sola juu ya bati na betri moja viliitosha usiku na mchana. Aliijaza kwanza kazi zake za zamani, akaiweka mbali, Itumbe, sebuleni kwa mamake, ili mwizi au moto ukiingia studio nakala ibaki salama. Akaipanga hivi: kila Ijumaa saa moja jioni, studio ikiwa imefungwa, seva ivute kazi za wiki kutoka kwenye laptop kupitia mtandao. Familia yao ni ya Sabato, na saa hiyo Angwenyi huwa ameshakaa chini anaimba nyimbo za kufungua Sabato.

"Mimi napumzika, mashine inafanya kazi," alikuwa akijigamba. Kumbuka maneno hayo, msomaji, kwa sababu yeye aliyasahau.

Ijumaa asubuhi mlango wa studio ulifunguliwa. Aliyeingia ni Kinsi, mama mwenye duka la vitambaa karibu na soko.

"Asalaam aleikum, Angwenyi."

"Waaleikum salaam, Mama Janat! Karibu, karibu sana. Emily, leta kiti."

Kinsi hakukaa.

"Nimekuja kwa ile ya wanawake," alisema.

Emily, aliyekuwa amebeba kiti, alisimama nacho hewani.

Binti ya Kinsi, Janat, aliolewa na Jibril mwishoni mwa mwaka. Upande wa wanaume Angwenyi alipiga mwenyewe, akaukabidhi kwa baba wa Janat, Mzee Farah, mambo yakaisha. Lakini sherehe ya wanawake ilikuwa habari nyingine. Hapo hakuingia mwanamume hata wa kubeba soda. Kinsi alikataa kamera kabisa mpaka Emily akaapa mbele yake kwamba picha zile hazitaonwa na jicho la mwanamume, hata la mumewe.

Na katika sherehe hiyo, bibi Fardosa, mamake Kinsi, mwanamke aliyekimbia kamera maisha yake yote, aliomba kipaza sauti. Akamshika Janat mkono, akamwombea dua kwa jina lake. Ukumbi mzima ulilia.

Baadaye kidogo bibi Fardosa akafariki. Msiba ukaingia, na hakuna aliyekumbuka filamu.

"Hatuna sauti yake popote," Kinsi alisema. "Simu yake ilikuwa ya kubonyeza. Ukimwelekezea kamera anajifunika. Siku hiyo moja tu ndiyo alikubali. Janat ananiuliza kila siku, na mimi mwenyewe, Angwenyi, wallahi nimeanza kusahau alivyokuwa ananiita. Niambie ukweli. Nimesikia laptop yako imeingia maji. Mama yangu yupo?"

Mtu mwenye busara angesema, ngoja nikaangalie kwanza. Angwenyi aligonga kifua.

"Yupo, Mama Janat. Jioni nakuletea habari njema dukani."

"Usinidanganye."

"Kudanganya kwa nini? Ni seva!"

Kinsi alishika leso yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akatoka akiwa amenyooka mgongo. Emily aliweka kiti chini polepole.

"Baba Marion, umeshawahi kuiangalia hiyo seva tangu uiweke?"

"Kuiangalia ya nini? Inafanya kazi yenyewe."

"Haya," Emily alisema. Na Emily akisema "haya" namna ile, mumewe hupata kiu ghafla.

Kabla ya saa sita walikuwa Itumbe na laptop nyingine, ya mitumba lakini inawaka. Mamake Angwenyi, Mama Nyamoita, walimkuta kwenye pilkapilka za Ijumaa. Maji yalikuwa yameshatekwa, mboga ya chinsaga iko jikoni, viatu vya kanisa vimepakwa rangi na kuanikwa, naye anapiga pasi rinda la kesho. Jua likizama kwa Mama Nyamoita, kazi imekwisha. Redio inazimwa, televisheni inazimwa, na simu inalazwa ndani ya kabati mpaka Jumamosi jioni.

"Bwakire, Mama."

"Bwakire. Mbona Ijumaa mchana? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Tumekuja kuona seva."

"Ooh, yule. Yuko hapo, mzima kabisa."

Alikuwepo kweli, kwenye meza ya pembeni. Kila kitu katika sebule ile kimevalishwa kitambaa cha kufumwa, viti, televisheni, hata mtungi wa maji, na seva nayo ilikuwa imeshonewa cha kwake, cheupe chenye maua mekundu pembeni. Angwenyi akakiondoa taratibu.

"Mama, nilikuambia hii inapata joto."

"Haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni."

Akaunganisha laptop mpya, akafungua kumbukumbu za seva, na akaanza kusoma. Wiki ya kwanza: kazi haikufanyika. Ya pili: haikufanyika. Akateremka chini, akateremka tena. Haikufanyika, haikufanyika, mpaka mwisho.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imeshapungua. "Hapa umeme hupotea siku ya Ijumaa?"

"Sola ipotee iende wapi?"

"Sasa mbona kila Ijumaa jioni hii kitu ilikuwa imezimika?"

"Haikuzimika. Nilikuwa naizima," Mama Nyamoita alijibu, akigeuza rinda upande wa pili.

Angwenyi aliiacha laptop, akamgeukia.

"Ulikuwa... Mama, kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama. Na Jumamosi jioni naiwasha. Sijawahi kusahau." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayengoja kushukuriwa.

"Lakini kwa nini, Mama?"

Mama Nyamoita aliweka pasi chini. "Wewe ulinileteaje hii kitu? Ulisema ni ya nini?"

"Ya kazi."

"Basi umejijibu. Ng'ombe wangu halimi siku ya Sabato. Mvunaji wa majani chai haingii shambani kwangu siku ya Sabato, na kama ni wa kanisa lingine atavuna kwa jirani Onchiri, huko kwa Wakatoliki. Wewe mwenyewe unakaa unaimba. Halafu hii maskini unaiachia kazi peke yake, inapepesa taa tu. Nikaihurumia."

"Mama, nani huhurumia seva?"

"Mimi hapa."

Emily aligeukia dirishani. Mabega yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa kilio.

Angwenyi alikaa juu ya kiti, kitambaa cha kiti kikamwangukia kichwani, na hakukiondoa. "Nimekwisha. Nimemwambia Mama Janat yupo. Nimegonga na kifua. Sasa nitamwambia nini yule mama?"

Mama Nyamoita alimtazama mwanawe, na ile fahari ikamtoka. "Nimeharibu kitu cha mtu?"

Ndipo Emily akageuka kutoka dirishani, na sasa hakuwa anacheka.

"Baba Marion, kuna kitu sikukuambia. Ile ya wanawake haikuwahi kuingia kwenye laptop yako."

"Eti?"

"Jumapili ile tulikuja kuchukua ndizi, ulipokwenda kumwona Onchiri, nilichomeka kadi ya kamera kwenye seva yenyewe. Nikaiweka humo moja kwa moja, kwenye folda ya harusi. Kule studio mnaingia na kutoka nyinyi wanaume."

"Na hukuniambia! Mimi mumeo!"

"Ningekuambia ungetaka kuona kama rangi imekaa sawa. Wewe nakujua. Na mimi nilikuwa nimeapa."

Angwenyi aliruka kuelekea laptop. Emily aliwahi kumshika shati.

"Toka nje."

"Emily, nataka tu kuhakikisha..."

"Nje. Kule kwa migomba, na uangalie upande wa barabara."

Basi fundi mkuu wa seva, mwenye seva, mwenye nyumba ya mama, alisimama kwenye migomba akiipa nyumba mgongo, kuku wanamshangaa. Kwa muda hakusikia kitu. Kisha dirishani ikatoka kelele ya vigelegele na ngoma, ikatulia, na sauti ya mwanamke mzee ikaanza kusema, polepole, imekwaruza kidogo.

"Janat. Janat binti Farah. Njoo nikushike, mjukuu wangu."

Angwenyi alikuwa hajawahi kumwona bibi Fardosa hata siku moja. Lakini alisikia ile sauti ikiomba, ikikohoa, ikicheka kidogo, ikaomba tena, na akajikuta amevua kofia. Alifurahi hadi machozi yakamlenga, na alimwogopa Kinsi pia, maana sasa alijua ni kitu gani alichokuwa amekigongea kifua bila kukiona.

Aliporudi ndani alimkuta mamake anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha seva.

"Anaongea na mjukuu kama mimi na Marion," alisema. "Mpelekee mtoto wake, Angwenyi. Mpelekee leo."

Hapo ndipo mambo yangeisha salama, lau Angwenyi angekuwa mtu mwingine.

Emily alianza kuihamisha filamu kwenye laptop kwa mkono. Ilikuwa kubwa, na seva ile ndogo haina mbio. Ule mstari wa kijani ulisogea kidogo, ukakaa, ukatangaza kwamba utamaliza baada ya saa nyingi. Na mjini kulikuwa na kamati ya harusi inayomngoja Angwenyi mchana huohuo.

"Acha hivyo," alisema. "Mimi nina njia ya kisasa." Akasimamisha kazi ya Emily, akafungua mipangilio, akaiweka laptop mpya mahali pa ile iliyokufa, akabonyeza palipoandikwa Sawazisha. Seva ikajibu kwamba imekubali, na itasawazisha saa moja jioni kama kawaida yake.

"Si tungengoja hii moja tu iishe kwanza?" Emily aliuliza.

"Emily, fikiria. Seva imejaa. Laptop ni tupu. Vikisawazishwa, laptop inajaa. Hata mtoto wa nasari anaona. Tutaiacha hapa, na usiku tukirudi tunakuta kila kitu ndani."

"Haya," Emily alisema.

Angwenyi akaona pia amalize lile la mamake. Akampigia magoti karibu na meza ya pasi.

"Mama, leo usiizime."

"Sabato, Angwenyi?"

"Leo tu. Ni kwa ajili ya yule marehemu."

Mama Nyamoita alitazama seva, akatazama rinda lake jeupe. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwake halikuwa dogo hata kidogo, na Emily aliliona hilo usoni pake.

"Nitaiacha," alisema mwishowe. "Mungu atanielewa. Lakini ni leo tu."

"Na Mama, hata nani akija akikuambia uizime, usikubali. Hata akiwa mzee wa kanisa. Niahidi."

"Nimeshasema nitaiacha. Neno langu unalijua."

Analijua, ndiyo. Itumbe yote inalijua.

Jioni Angwenyi na Emily walifika dukani kwa Kinsi wakati adhana ya magharibi imemalizika. Kinsi alikuwa ametoka kuswali nyuma ya duka, msala bado uko mkononi.

"Nimemsikia," Angwenyi alisema kabla hata ya kusalimia. "Sikumwona, nilikuwa kwa migomba, mke wangu ni shahidi. Lakini nimemsikia kwa masikio yangu. Anasema, Janat binti Farah, njoo nikushike."

Kinsi alikaa juu ya robota la kitambaa. Alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia bila sauti, na Emily akakaa karibu naye akamshika bega. Angwenyi hakujua pa kuweka mikono. Alipoona kilio kimepungua akafanya lile analolijua, akaanza kuongea.

Akaeleza seva. Akaeleza sola. Akaeleza jinsi mamake alivyoishikisha Sabato, na Kinsi akacheka huku machozi bado yapo.

"Maskini mama wa watu! Msimgombeze. Na leo?"

"Leo haizimwi. Saa moja kamili inafanya kazi yake ya Ijumaa."

"Kazi gani hiyo ya Ijumaa?"

"Kuhakikisha seva na laptop ziko sawa. Mama Janat, niliipanga kwa akili sana. Ukiweka kitu kipya kwa laptop, seva inachukua. Diski isijae takataka, ukitoa kitu kwa laptop, seva nayo inatoa."

Kinsi ni mfanyabiashara. Akielezwa mtambo, yeye huuliza unapoharibika unaharibikaje. Alifuta pua, akauliza kwa upole kabisa.

"Kwa hivyo yenyewe inafuata laptop?"

"Inafuata laptop, neno kwa neno."

"Na laptop sasa ina nini ndani?"

"Sasa haina kitu, ni mpya, ndiyo maana tu..."

Kwenye duka kulisikika pikipiki zikipita nje, na Emily aliinua kichwa polepole.

"Baba Marion," Emily alisema. "Kila Ijumaa ingekuwa macho, ingeifuta ile filamu. Kwa sababu mimi sikuwahi kuipitisha kwa laptop."

"Ndiyo."

"Mama ndiye alikuwa anaiokoa. Kila wiki."

"Ndiyo."

"Na leo umemwapisha asiizime."

Angwenyi alikuwa ameshashika simu, anampigia mamake. Simu ya Mama Nyamoita ilisema haipatikani. Si ajabu. Jua lilikuwa limezama, na simu ile ilikuwa imelala kabatini chini ya shuka. Na Angwenyi kuingia kwenye seva kwa mbali hawezi, maana ufunguo wa kuingilia uko kwenye laptop, na laptop iko Itumbe, imekaa bega kwa bega na seva. Itumbe nako si pua na mdomo, tena mvua ilikuwa imeshaanza.

"Onchiri!" Emily alisema. "Mkatoliki! Simu yake iko wazi!"

Onchiri alipokea akitafuna.

"Angwenyi! Habari ya Sabato?"

"Onchiri, ndugu yangu, nakuomba, kimbia kwa Mama. Mwambie azime seva. Sasa hivi!"

"Nazima nini?"

"Usizime wewe. Mwambie yeye, anajua. Kimbia na simu mkononi, usikate!"

Walisikia mlango ukibamizwa, miguu ikipiga matope, mbwa wawili, kisha Onchiri anapumua kwa shida na wimbo wa kanisa unakaribia. Mama Nyamoita alikuwa anaimba peke yake. Wimbo ukakatika.

"Onchiri, hiyo simu iweke mbali na mimi," walimsikia. "Unajua ni saa gani."

"Mama, ni mwanao. Anasema uzime seva."

"Alisema utakuja," Mama Nyamoita alisema.

"Nani?"

"Angwenyi. Alisema hata nani akija aniambie niizime, nisikubali. Na wewe umekuja."

"Mama!" Angwenyi alipiga kelele mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. "Mama, ni mimi! Nimebadilisha! Izime!"

"Hiyo ni sauti yake," Mama Nyamoita alimwambia Onchiri, kwa maana simu yenyewe haisemeshi siku ya Sabato. "Mwambie mwanangu hivi. Mchana aliniambia niache kazi iendelee Sabato, na nimeacha, na tangu hapo sina raha. Sasa Sabato imeingia, ananiambia niinuke nikafanye kazi ya kuzima. Mwulize anataka nivunje mara ngapi kwa siku moja."

"Anauliza unataka avunje mara ngapi," Onchiri alirudia, mtu mwaminifu.

"Nimesikia, Onchiri!"

Angwenyi aligeuka, na mbele yake amesimama Kinsi. Hakuwa analia tena. Alinyoosha mkono, akachukua simu mkononi mwake bila kuomba.

"Mama Nyamoita," alisema. "Asalaam... habari ya jioni, mama yangu. Mimi naitwa Kinsi. Wewe hunijui."

Kinsi aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Yule mzee uliyemsikia mchana akimwombea mjukuu wake, ni mama yangu. Hapa duniani sauti yake imebaki hapo tu, kwenye meza yako. Mwanao amekosea. Hiyo mashine ikiendelea inamfuta. Mimi Sabato yako naiheshimu, wallahi, nami ndiyo nimetoka kuswali sasa hivi. Sikuombi ufanye kazi. Nakuomba umshike mama yangu asianguke."

Emily alikuwa amefumba macho. Mvua ilipiga bati la duka.

"Onchiri," Angwenyi alinong'ona karibu na simu. "Anafanya nini?"

"Amesimama," Onchiri alinong'ona naye. "Ameweka kitabu cha nyimbo kando. Anakwenda kwa meza."

Kinsi alishika ukingo wa kaunta.

"Ameweka mkono kwa swichi. Lakini Angwenyi, hii kitu yako... zile taa zake zilikuwa zimetulia. Sasa zimeanza kupepesa. Zinapepesa mbio mbio. Hiyo ni sawa?"

Angwenyi alitupia jicho saa yake ya mkononi. Saa moja ilikuwa imegonga. Kazi ilikuwa imeanza, na hakujua ilikuwa imefika folda gani. Na jambo moja alilijua vizuri, kwa sababu fundi wa diski alimwonya siku ya kuinunua: diski ile ikikatwa umeme katikati ya kazi yaweza kufa, isifunguke tena kwa mtu yeyote. Akiacha, bibi Fardosa anafutwa. Akizima, huenda anamzika na kila kitu kingine kilichomo.

Kwenye simu ikaja sauti ya mamake, karibu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu jua lizame. Alikuwa ameishika simu kwa mkono wake mwenyewe.

"Angwenyi. Nimeshavunja tayari, kwa ajili ya huyu binti. Sasa niambie wewe mwenye kuijua. Nizime, au nisizime?"

Kinsi alikuwa anamtazama usoni. Mke wake alikuwa anamtazama. Mtu aliyekuwa ameongea tangu asubuhi bila kupumua alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Mwanangu," Mama Nyamoita alisema, "mama wa huyu binti anaondoka. Sema."

Jibu lake, msomaji, ni la gazeti la wiki ijayo.